Kitambaa Nilichokataa Kutundika

Mlionicheka wiki iliyopita mlicheka mapema mno. Mngeweka akiba kidogo, maana wiki hii ndiyo yenye kazi.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, habari kwa ufupi ni hii. Mimi ni Petelo, mkulima wa magimbi hapa kisiwani Savaii, mgane. Mke wangu Telesia alishikwa na kifua kikuu. Watu wa afya wakaja na sheria yao, wakamchukua, wakamweka wodi ya peke yake, nami nikazuiwa mlangoni. Aliyesimama mlangoni kunizuia ni nesi Fuatino, mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni akiwa mdogo. Telesia alikata roho akiangaliwa na watu waliofunika nyuso, mimi niko nje natazama ukuta. Tulipomaliza kuzika niliapa kwamba hakuna mtu wa serikali atakayekanyaga tena sakafu yangu.

Halafu surua ikaingia kisiwani.

Wakubwa wakatoa amri. Watu wakae majumbani, mikusanyiko marufuku, na kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa itundike kitambaa chekundu kando ya barabara, ili gari la chanjo lijue pa kusimama. Mimi nyumbani nina mjukuu wangu Lupe, ambaye hata mwiba haujawahi kumchoma, sembuse sindano. Mama yake, binti yangu Vaosa, yuko New Zealand anafungasha matufaha. Wiki iliyopita tuliachana nimesimama na panga mbele ya vijana wa baraza la kijiji, nawaambia nyumba hii ni yangu na yanayotendeka ndani hayamhusu mtu. Jirani yangu Solomona akapaza sauti kutoka kwake.

"Mzee Petelo, ndani wapi? Nyumba yako haina kuta."

Kijiji kizima kikacheka. Tukaishia hapo.

Ni kweli haina kuta. Nyumba yangu ni ya zamani: nguzo, paa, na mapazia ya makuti ya kuteremsha mvua ikija. Mtu akijikuna humo, ng'ambo ya barabara wanajua amejikuna wapi. Mwenye akili akitaka kuficha kitu huku kwetu atakizika shambani. Mimi nikaamua kuficha mtoto.

Ila kwanza lilinijia wazo, na wazo lenyewe nililiona limenona.

Amri ilisema asiyechanjwa atundike kitambaa. Basi mimi sitabishana tena, sitashika panga, sitapaza sauti. Nitakaa tu kimya bila kitambaa. Gari likipita na kukuta nguzo yangu haina kitu, watajisemea wenyewe kwamba kwa Petelo wote wameshachanjwa. Nami nitakuwa sijasema uongo hata neno moja. Nilijiona nimewapita mawakili wote wa Apia, mji mkuu, mimi niliyeacha shule nikiwa bado nahesabia vidole.

Gari likaja. Barabara nzima ilikuwa nyekundu. Mataulo, fulana, vitambaa vya meza, na kwa mchungaji walikuwa wametundika joho la kwaya. Gari likasimama huku na kule, na kabla ya kufika nusu ya barabara chanjo ikaisha, kama kawaida ya mambo ya wakubwa. Waliobaki wakaambiwa waache vitambaa vyao vining'inie, gari litarudi, na mwenye haraka aende kituo cha pale shuleni.

Likaanza kuondoka. Lilipofika kwangu likapunguza mwendo. Fuatino akatoa kichwa dirishani, akaitazama nguzo yangu tupu, akanitazama na mimi. Akatabasamu. Hakuwa amenitabasamia tangu tulipomzika Telesia. Akanipungia mkono.

Nami nikampungia.

Mkono wenyewe bado ninao. Kila nikiutazama nauona ungeweza kutumika vizuri zaidi kung'olea magugu.

Sasa kazi ikaanza. Lupe ni mtoto wa kukimbilia barabarani na kumsalimia kila apitaye, hata mbwa. Na siku hizo kila mtoto kijijini alikuwa anatembea amekunja mkono wa nguo kuonyesha plasta ya sindano, kama askari aliyetoka vitani. Angeulizwa yake iko wapi. Kwa hiyo nikateremsha mapazia, pande zote, jua likiwa linawaka.

Mnaokaa kwenye nyumba za kuta hamwezi kulijua hili. Kijijini kwetu mapazia yakishuka mchana kweupe na mvua hakuna, watu hawafikirii mambo mengi. Wanafikiria maiti.

Aliyetangulia kufika ni mke wa mchungaji, leso mdomoni kwa kutii amri, mkononi sufuria ya kakao ya moto. Akasimama nje ya mapazia, akaanza kulia taratibu, kilio cha heshima, huku akiuliza ni nani aliyetutoka.

"Hakuna aliyetutoka, mama mchungaji," nikasema kutoka ndani. "Nimelala."

"Unalala na jua hili?"

"Kichwa kinauma."

"Pole. Na anayeimba humo ni nani?"

Ni Lupe, alikuwa anaimba wimbo wa shule ya Jumapili, ule wa kupiga makofi. Nikasema ni redio.

Makuti yakapanuka, kichwa cha Lupe kikatokeza. Akamsalimia mama mchungaji kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Babu, redio ni mimi?"

Mama wa watu aliacha sufuria ukingoni mwa sakafu na kuondoka akitikisa kichwa. Baadaye nilisikia ameomba niombewe, kwamba msiba umenichanganya akili. Nikashukuru. Kuonwa mwehu kulinifaa kuliko kuonwa nilivyokuwa. Kakao niliinywa yote.

Siku hiyo hiyo Solomona alivuka barabara na simu yake mkononi. Simu yangu mimi ilizama mtoni nikimfukuza nguruwe, kisa hicho nilishawaeleza na mlishacheka, kwa hiyo Vaosa akitaka kuzungumza nami hupiga kwa Solomona. Sauti ilikuwa inakatika katika. Aliuliza kama Lupe ameshachanjwa, maana kule redio zao hazizungumzii kitu kingine ila surua ya kwetu.

Nikakohoa.

"Asante baba," akasema. "Nilikuwa silali."

Sikusema ndiyo. Naomba hilo lijulikane. Nilikohoa tu, na mtandao ndio uliotafsiri.

Nikamrudishia Solomona simu yake. Hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa sakafu, miguu nje, anachezea ukuti uliochomoka kwenye pazia. Mimi na Solomona ni watu wa utani. Nguruwe wangu wanajua njia ya bustani yake kuliko wanavyojua zizi lao, na yeye hunitania tangu siku nilizokuwa bado na meno yote. Lakini siku ile uso wake haukuwa na utani.

"Mzee, nina shida."

Nikamwambia aiseme.

"Eseta anataka kwenda shuleni akachanjwe. Asipochanjwa yeye, atamletea Penina ugonjwa nyumbani. Na kule foleni ndefu, watoto wanakohoa, hawezi kwenda na kichanga. Mimi baraza limenipangia kulinda barabara."

Penina ni binti yao. Hata kukaa alikuwa hajaweza. Watoto wa umri ule hawachanjwi, sindano bado haiwafai, na kinga yao ni kwamba wanaowazunguka wawe wamechanjwa. Haya Fuatino aliyatangaza kwa kipaza sauti kijiji kizima. Nami nilikuwa nimeyasikia nikiwa nyuma ya mapazia.

"Si umpeleke kwa mama mkwe wako?" nikamwambia.

"Ana kitambaa."

"Kwa mchungaji?"

"Kitambaa. Mzee, nimetembea barabara yote kuanzia kanisani. Waliochanjwa wana wageni wenye vitambaa, wasiochanjwa wanasubiri gari. Nyumba niliyoiona haina wasiwasi ni yako tu. Na Vaosa nimemsikia mwenyewe akikushukuru. Au nimekosea?"

Hapo ndipo mtu timamu husema ukweli. Haukuwa mrefu. Solomona, Lupe hajachanjwa. Maneno matatu, hata Lupe angeweza kuyatamka. Niliyaweka mdomoni, nikayaonja. Nikawaona vijana wa baraza wakirudi, nikaliona panga langu, nikakisikia kile kicheko.

"Mlete," nikasema.

Penina alilala kwangu mchana wote, mkeka mmoja na Lupe. Kulikuwa na joto sana humo ndani kwa sababu ya mapazia yangu. Lupe anampenda yule mtoto kama mwanasesere. Aliinama juu yake akawa anampulizia usoni, taratibu, ili apoe.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilisema, "Vizuri, mjukuu wangu."

Jioni Eseta alimfuata mwanawe, mkono una plasta, akanishukuru, akaniachia shelisheli la kuchoma. Nilimkatia Lupe, akakataa kula. Nikasema ni joto.

Kesho yake mwili ulikuwa unachemka. Nikasema ni meno, ingawa meno yote alikuwa nayo. Macho yakawa mekundu, nikasema ni moshi, ingawa sikuwa nimewasha moto. Nilimchemshia majani aliyokuwa akiyachemsha Telesia, nikamkanda, nikamwimbia ule wimbo wa makofi, na yeye hakupiga makofi. Halafu nyuma ya masikio yakatokea madoa, yakashuka shingoni, yakaingia usoni.

Nikaishiwa na vitu vya kusema.

Nilihitaji gari lisimame. Simu sina. Kwenda kwa Solomona kumwomba yake ningeanzia wapi? Ikabaki njia moja, ile niliyoikataa na panga mkononi: kitambaa.

Nikatafuta. Jamani, mtu hujui mali yako mpaka uitafute kwa rangi. Fulana zangu zote ni za bluu, za timu ya raga ya kijiji. Mashuka meupe. Taulo, mlilokuwa mkilifahamu, lilikwenda na yule nguruwe wa mtoni. Kitu chekundu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimening'inia kwenye nguzo ya kati tangu nirudi kutoka mazishini, ndani ya mfuko wa nailoni waliofunga fundo hospitalini. Lavalava ya Telesia, aliyokuwa amejifunga kiunoni siku waliyomchukua.

Fundo lile sikuwa nimewahi kulifungua. Nililifungua kwa meno.

Ilikuwa bado inanuka dawa yao ya kudekia. Nikaitundika kando ya barabara, karibu na kaburi lake, upepo ukaijaza. Kwa wengine kitambaa kilikuwa kipande cha kitu. Mimi nilikuwa nimetundika nguo nzima, tena ya marehemu. Na wa mwisho kijijini.

Ng'ambo, Solomona alikuwa anapasua nazi. Akaacha. Aliitazama ile lavalava kwa muda mrefu, nazi ikiwa mkononi inamwaga maji miguuni mwake.

Gari lilikuja mchana ule. Fuatino akashuka na mfuko wake. Alifika ukingoni mwa sakafu, akasimama.

"Mjomba, naweza kupanda?"

Mimi nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyanoa tangu msibani, makali kuliko panga, yote nimeyaandaa kwa ajili ya mtu wa serikali atakayeingia kwangu bila kuuliza. Kwa anayeuliza sikuwa nimeandaa kitu.

"Panda," nikasema.

Alimpima Lupe, akamtazama mdomoni, akamsikiliza kifua pande zote mbili, akarudia upande mmoja. Kisha akakaa, akaitazama ile lavalava inavyopepea.

"Nilikupungia mkono, mjomba."

"Nami nilikupungia."

"Nilidhani umetusamehe. Nililia garini, wenzangu wakanicheka."

Akaniambia Lupe kifua chake kimeshaingiliwa, lazima aende hospitali, na atawekwa wodi ya peke yake.

"Sheria inaniruhusu nimchukue hata ukikataa," akasema. "Sitaki kuitumia. Nimeshaitumia mara moja katika nyumba hii. Nakuomba, mjomba. Nipe mtoto."

Nikamwambia nampa, ila naingia naye. Akaniuliza kama nimechanjwa, akijua jibu. Nikapandisha mkono wa shati pale pale, majirani wote nyuma ya nguzo zao wakiangalia mkono wa mzee ulivyokonda, nikamwambia achome sasa hivi, achome mara mbili akitaka.

"Nitakuchoma. Lakini mpaka ikolee mwilini siku zitapita. Leo haitakusaidia. Wodini huingii."

"Kwa hiyo ni mlango uleule."

"Mlango uleule." Alikuwa anavunja kichupa cha dawa, hakunitazama. "Ila safari hii nitakuwekea kiti dirishani, siku za kukaa karantini zikiisha. Hata wakati wa Mama Telesia tungeweza. Sheria haikukataza kiti, mjomba. Hakuna aliyekifikiria, na mimi nikiwa mmoja wao."

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi linalolingana na kiti, nikalikosa. Mwaka mzima nimewachukia watu wa afya kwa sababu ya sheria, kumbe kilichonikosesha kumwona mke wangu ni kiti.

Sindano ikaingia. Hata haikuuma, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Akambeba Lupe. Mtoto alikuwa amelegea, kichwa begani kwa nesi, macho nusu wazi.

"Babu," akasema, "tumeacha kujificha?"

Nikasema tumeacha.

Nilidhani yameisha. Fuatino alifika barabarani, akageuka.

"Nani mwingine amelala humu, tangu aanze kuumwa au siku moja kabla?"

Nikaangalia chini.

"Mjomba. Kwa vichanga kuna sindano nyingine, si chanjo. Ikiwahi inasaidia. Ikichelewa ni maji tu. Nani?"

Solomona alikuwa amevuka nusu ya barabara. Nazi ameiacha, panga la kupasulia bado analo, nadhani alikuwa amelisahau mkononi. Yeye alikuwa anajua. Alijua tangu alipoiona lavalava. Alikuwa anasubiri tu kuona kama nitasema.

Nililitaja jina kwa sauti ndogo kiasi kwamba Fuatino hakusikia. Akaniambia nirudie. Nami, kwa kuwa ni mtu nisiyejua kipimo, mara ya pili nikalitoa kwa sauti iliyofika kanisani.

"Penina."

Ndani kwa Solomona, Eseta akaangusha kitu. Alitoka na mtoto kifuani bila kuulizwa, miguu mitupu, akapita mbele yangu kama unavyopita mbele ya kisiki, akapanda gari. Penina alikuwa amelala, anapumua kimya kimya, hana hata doa. Fuatino akasema atapiga simu asubuhi, habari za watoto wote wawili, kwenye simu ya Solomona, maana ya kwangu iko mtoni.

Gari likaondoka. Tukabaki wawili barabarani.

Nilingoja anipige. Nilikaza tumbo kabisa.

"Nilikuuliza, mzee," akasema Solomona.

Akarudi kwake.

Sasa huku kwetu kuna jambo moja mtu hufanya akishamkosea mwenzake kosa ambalo pole haitoshi. Tunaliita ifoga. Alfajiri unajifunika mkeka wa heshima, unakwenda kukaa chini mbele ya nyumba ya uliyemkosea, kichwa umeinamisha, unasubiri. Yeye akitoka na kuuinua mkeka, amekusamehe. Akitoka na jiwe au panga, ni haki yake pia, wewe hutainuka.

Mkeka niliokuwa nao ni mmoja, aliosuka Telesia. Ulikuwa wa kunizikia.

Kwa kawaida ukoo mzima huenda pamoja, na mkuu wa ukoo mbele, kundi zima chini ya mikeka. Mimi nilikwenda peke yangu. Kwanza kwa sababu mikusanyiko ni marufuku. Pili kwa sababu hakuna aliyetaka kuja.

Nikajifunika, nikakaa hatua chache kutoka sakafu ya Solomona. Magoti yangu hayajazoea heshima, yakaanza kulalamika mapema. Haukupita muda kuku wa Eseta akaingia chini ya mkeka, akazunguka, akajilaza kwenye paja langu. Nikamwacha. Sikuwa katika hali ya kuchagua wenzangu.

Jua likapanda. Nikasikia miguu ya vijana wa baraza, walewale niliowashikia panga.

"Mzee Petelo," akasema kiongozi wao, "unavunja amri. Mikusanyiko hairuhusiwi."

"Niko peke yangu," nikajibu kutoka chini ya mkeka.

"Uko na kuku."

Mmoja akacheka, wenzake wakamnyamazisha. Kiongozi akaendelea. Alisema mimi nimekaa na mgonjwa, naweza kuwa nimebeba ugonjwa, amri inasema mtu kama mimi akae ndani kwake asitoke.

"Ndani wapi, mwanangu?" nikamwambia. "Nyumba yangu haina kuta."

Nilisikiliza kama Solomona atacheka. Utani ulikuwa wake, nilikuwa namrudishia. Ndani kwake hakukusikika kitu.

Vijana wakajadiliana kwa kunong'ona. Kumburuta mtu aliye chini ya mkeka ni aibu ambayo wajukuu wao wangeibeba. Kumwacha ni kuvunja amri ya nchi. Walikuwa wamebanwa, nami kwa mara ya kwanza niliwahurumia watu wenye kazi ya kuamrisha. Mwishowe wakarudi nyuma hadi barabarani, wakakaa mbali, wakawa wanawaambia wapita njia wazunguke. Mbona kuizunguka amri waliweza? Wakubwa walipoandika amri yao hawakumfikiria mtu mwenye mkeka. Na mimi nilipokataa kitambaa changu sikumfikiria mtoto asiyeweza kukaa. Tuko sawa, ila wao wana gari.

Joto likazidi. Chini ya mkeka palikuwa kama nyuma ya yale mapazia. Nikamkumbuka Lupe anavyopuliza.

Ndipo simu ya Solomona ikaita.

Ina mlio wa kwaya, ile ya kanisa letu, na Telesia yumo anaimba sauti ya pili. Iliita mara ya kwanza yote, ikakatika. Ikaita tena. Nikasikia amepokea.

"Ndiyo," akasema.

Kisha "ndiyo" nyingine, ndogo zaidi. Kisha ukimya ambao hata kuku aliinua kichwa kuusikiliza.

Nilisikia ameketi, au kitu kizito kimewekwa chini. Nilisikia anapumua. Halafu miguu yake ikashuka kwenye sakafu, ikaja kwenye changarawe, pole pole, ikasimama mbele yangu. Kupitia nyuzi za mkeka niliviona vidole vyake vya miguu. Mkono mmoja sikuweza kuuona umeshika nini.

Niliinamisha shingo.

Pembe moja ya mkeka ikainuka. Nilipoona mwanga nilifumba macho, nikadhani nimesamehewa. Lakini ilikuwa imeinuka kiasi cha mkono kupita tu. Mkono wake ukaingia, na ndani yake mlikuwa na simu, Fuatino bado anasema.

"Ya kwangu nimeshaisikia," akasema Solomona. "Hii ni yako."

Sauti yake haikunionyesha kitu. Nikaipokea simu. Yeye hakuondoka. Pembe ya mkeka ilibaki mkononi mwake, hajaiinua, hajaiteremsha, nami nikaweka simu sikioni.